KWA NINI HODARI HUKOSA TAJI?

Vijana wetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira hupenda kutazama mieleka ya malipo, ile ambayo katika Kongo huitwa kwa neno la Kifaransa, «catch». Wakiisha kutazama, hushindana kwa maneno: kwa nini fulani, aliye hodari kupita wenzake, hapati taji la ubingwa, na mwingine aliye dhaifu kwake analipata? Swali hili lastahili jibu la kweli, kwa maana ndani yake mna fundisho kwa wazazi na kwa wanafunzi.

Kwanza yafaa tujue mchezo huo ni nini. Katika mieleka ya vijijini, kama katika ile ya Olimpiki, mshindi ni yule aliyemwangusha mwenzake. Katika mieleka ya malipo sivyo. Wenye mchezo humchagua mshindi kabla ya pambano. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya Marekani, WWF, inayoitwa leo WWE, ilikiri jambo hilo mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey, ili isisimamiwe tena na serikali kama michezo mingine. Tusidhani kwamba hakuna kazi: kuanguka ni kwa kweli, na mifupa huvunjika kweli. Lakini taji halitwaliwi, hutolewa. Nalo hupewa yule anayetazamiwa kuwavuta watu wengi mlangoni.

Hapo ndipo hodari anapokwama. Mara nyingine ustadi wake wenyewe humfunga: ajuaye kuanguka vizuri, hata mpinzani aonekane jitu, huwekwa kuwainua wengine mwaka hata mwaka. Mwingine ana nguvu, bali hana maneno ya kuwasha mioyo ya watazamaji. Na mwingine huvikwa sura ambayo haimwachii njia ya kupanda.

Tumtazame James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950. Mwaka 1982, huko Memphis, alivikwa nguo ya madoa ya chui, akapakwa rangi usoni na tumboni, akapewa mkuki, ikatangazwa kwamba yeye ni Kamala, Jitu la Uganda, aliyekuwa mlinzi wa Idi Amin. Uganda haikuwa kwao. Ulingoni hakusema maneno ya watu. Alinguruma tu, na mtu mwingine alimwongoza kama mnyama. Alipambana na wakubwa wote wa siku zake, akina Hulk Hogan, André the Giant na Undertaker, na viwanja vilijaa. Walakini taji la WWF hakulipata kamwe. Ni nani angemkabidhi ubingwa mtu aliyetangazwa kuwa mshenzi asiyejua kusema? Alifariki mwaka 2020, akiwa amekatwa miguu yote miwili kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Kinyago kile kilimpa chakula, kikamnyima kiti cha mbele. Nacho kiliwadharau Waafrika wote pamoja naye.

Kinyume chake ni Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Alipoanza katika WWE mwaka 2008, alitangazwa kuwa mtu wa Jamaika. Kwa miaka 11 alisifiwa na kuachwa nyuma. Mwezi wa pili wa 2019 mwenzake aliumia, naye akaitwa kushika nafasi yake. Akapigana zaidi ya saa nzima bila kulegea. Watu wakaliita jina lake kwa nguvu hata wenye mchezo wakasikia, na tarehe 7 Aprili akapewa taji. Tarehe 4 Oktoba mwaka uleule alinyang'anywa na Brock Lesnar kwa pambano lisilofika hata sekunde 15. Taji linalotolewa na watu laweza kuondolewa na watu.

Katika Kinshasa wapiganaji wengine huingia ulingoni na hirizi na dawa, na umati huambiwa kwamba uchawi ndio uliomwangusha mpinzani. Mkristu asidanganyike. Hata hapa Bukavu, kijana akikosa kazi au diploma, twasikia upesi: «Amelogwa!» Ndugu zetu, sababu za kweli huwa wazi zaidi. Tuulize: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kutoa? Alitumia kipimo gani? Na kijana wetu alijulikana kwa sura gani?

Wazazi na walimu, swali hilo la mwisho latuhusu. Mtoto aitwaye kila siku «mjinga wa nyumba» amevikwa kinyago kama kile cha Kamala, nasi ndio tuliomvika. Tumvue mapema, kabla hajazoea kunguruma tu. Nanyi wanafunzi, msikubali sifa wala mshahara unaowadai kuwadharau watu wenu.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto, watu waliopenda sana michezo, kwamba taji la kiwanjani hunyauka. Anayefanya kazi yake kwa uaminifu, hata kama wenye mchezo hawakumwita mbele, hajashindwa. Yuko Mwamuzi mmoja asiyepanga matokeo kwa hesabu ya mlangoni.