BETRI KUUKUU INAKWENDA WAPI?



Mwenye mkokoteni hupita katika nyumba zetu akiita vyuma kuukuu, betri kuukuu. Sisi hatumfukuzi wala hatumlaumu. Yeye naye ni mfanya kazi, ila hana kadi ya chama, hana mkataba, na akiugua hana wa kumwuliza. Lakini betri ya gari au ya sola unayomwuzia inakwenda wapi, na nani anayeivunja?

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya namna hiyo ni risasi. Ndiyo sababu ina bei. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu risasi huyeyuka upesi, kwa moto wa digrii 327 tu. Reli iliyochakaa haiyeyushwi uani kwa mtu. Yataka tanuu kubwa na mafundi. Risasi yaweza kuyeyushwa ndani ya sufuria juu ya makaa. Basi mtu huvunja sanduku kwa shoka, humwaga asidi mchangani, huyeyusha vile vibao, na jioni huenda kula bila kunawa vizuri. Asidi ile imebeba risasi hadi ardhini. Vumbi lake halina harufu kali ya kumwonya mtu, kama vile mpira unapoungua.

Risasi ikiingia mwilini hukaa mifupani miaka mingi. Mtu mzima huumwa tumbo, hupungukiwa damu, figo zake huharibika na presha hupanda. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa maana hudhuru ubongo wake unaokua. Huwa mzito wa kufahamu darasani, na wazazi humpiga wakidhani ni uvivu. Shirika la Afya Duniani limesema ya kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Wenzetu wa Mombasa wanayajua haya. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, karibu kabisa na nyumba za watu. Bi. Phyllis Omido aliajiriwa katika ofisi ya kiwanda hicho. Alipotakiwa kuandika habari za mazingira, alishauri kihamishwe, maana hapakuwa mahali pake. Shauri lake halikufuatwa. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, na alipopimwa ikaonekana ana risasi katika damu. Aliacha kazi, akaenda nyumba kwa nyumba, akakusanya watu, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Lakini tazameni muda uliopita. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi hapo ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa akitambaa kwenye vumbi lile alikuwa amekwisha kumaliza madarasa mengi ya shule, kama aliweza kuyamaliza. Wala hukumu haiwezi kuitoa risasi mifupani mwake.

Wako watakaosema, basi vitu vikuukuu vitupwe jalalani viishe. Sisi hatusemi hivyo hata kidogo. Nchi hii inajua kutumia kitu mara ya pili. Tairi hugeuka akala, pipa hugeuka jiko, na mafundi wa Kamukunji wamesomesha watoto kwa mabati makuukuu. Risasi nayo yaweza kutumika tena na tena katika betri mpya. Ubaya uko katika kazi ile kufanywa bila tanuu iliyofungwa, bila maji ya kunawa, bila mtu kupimwa damu. Twaona pia ya kuwa faida haigawanywi sawa: anayeivunja betri hupata kidogo, naye ndiye anayebaki na sumu.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka tajiri atoe mavazi ya kujikinga na mahali pa kunawa. Sheria ya Fidia ya mwaka ule ule inahesabu ugonjwa uliotokana na kazi. Na Sheria ya Usimamizi wa Taka ya 2022 yasema mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa ana wajibu juu yake hata ikichakaa. Lakini kijana anayevunja betri nyuma ya kibanda hana tajiri wa kumdai. Chama chetu chapasa kumhesabu, hata kama halipi ada.

Kwa upande wetu, betri ikifa irudisheni nzima dukani mnaponunua mpya; maduka kadha wa kadha huipokea na kupunguza bei. Twajua jibu lenu: mwenye mkokoteni hulipa taslimu, na mwisho wa mwezi u mbali. Ni kweli. Basi kama ni lazima kumwuzia, msiifungue, wala msimwage maji yake, na mwulizeni anaipeleka kwa nani. Tyubu za taa msizivunje, maana zina zebaki. Nyaya za umeme msiwape watoto wazichome wapate shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu nyingine.

Na kazini, twataka kila tawi lipeleke swali hili kwa wakubwa kabla ya mkutano ujao: betri za mabehewa na za malori zikichakaa zinauzwa kwa nani, na je, mkataba wa kuziuza umetaja zinakoyeyushwa? Jibu liwe kwa maandishi. Wale wanaofanya kazi katika vyumba vya betri wadai kupimwa damu, na wadai ovaroli zifuliwe kazini, zisipelekwe nyumbani kuchanganywa na nguo za watoto.

Mhariri