Alicheza au Alichezeshwa?



Katika sarufi yetu, viambishi vichache vyaweza kumtia mtu hatiani au kumwachia huru. Ukisema "alicheza", umemfanya mtu kuwa mtenda. Ukisema "alichezeshwa", mara moja msikilizaji atauliza: na nani? Leo nataka tumtazame mwanamke mmoja wa Marekani ambaye taifa lake lilimtumilia kitenzi cha kwanza bila kumuuliza. Somo hili lina aibu yake, najua. Lakini aibu ikituziba midomo, wanaonufaika ni wadhalimu.

Linda Boreman alizaliwa New York mwaka 1949. Dunia ilimjua kwa jina la mabango, Linda Lovelace, kutokana na filamu ya ngono iitwayo Deep Throat iliyotoka mwaka 1972. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa fedha kidogo, ikavuta umati hata wa watu waliojiona waungwana, na jina lake likaenea kiasi kwamba gazeti la Washington Post lilimpachika mtoa habari wake wa siri katika kashfa ya Watergate. Malipo ya Linda yalikuwa dola 1,250. Hata hizo, alisema, zilichukuliwa na Chuck Traynor, mumewe na msimamizi wake.

Mwaka 1980 Linda alitoa kitabu, Ordeal. Humo alieleza kwamba Traynor alimpiga, alimtishia kwa bunduki, akamlazimisha kuuza mwili na kucheza filamu hiyo. Kabla ya kitabu kuchapishwa, ilibidi apimwe kwa mashine ya kugundua uongo. Traynor alikana kumlazimisha. Wengi wakamcheka Linda: mbona kwenye filamu anatabasamu? Naye aliwaelekeza waitazame michubuko iliyoonekana mwilini mwake. Watu walikuwa wameiona filamu ileile. Tabasamu wakaliona, michubuko hawakuiona. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hapa maiti alisema na walio hai wakambishia.

Utasema: serikali ilikuwa wapi? Haikulala. Machi 1973 hakimu wa New York aliamua kwamba filamu hiyo ni chafu. Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Miller dhidi ya jimbo la California, iliweka vipimo vitatu vya uchafu wa kazi yoyote. Je, kwa viwango vya jamii, inaamsha tamaa chafu? Je, inaonyesha ngono kwa namna inayochukiza wazi? Je, haina thamani ya maana kifasihi, kisanaa, kisiasa wala kisayansi? Harry Reems, mwigizaji mwenzake Linda, alishtakiwa mjini Memphis na kutiwa hatiani mwaka 1976, ingawa hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka uliofuata.

Visome tena vipimo hivyo vitatu. Hakuna hata kimoja kinachouliza: huyu anayeonekana hapa, aliridhia? Sheria ililihangaikia jicho la mtazamaji lisichafuliwe. Mwili wa mchezaji haikuuhangaikia. Waliotetea filamu walipaza sauti kuhusu uhuru, walioipinga wakapaza sauti kuhusu maadili, na pande zote mbili zikabishana juu ya kichwa cha mwanamke ambaye hakuna aliyemgeukia kumuuliza. Hili ndilo kosa ninalolishutumu.

Linda hakunyamaza. Alitoa ushahidi Minneapolis mwaka 1983, wakati wanawake walipopendekeza sheria ndogo ambayo ingemruhusu aliyedhuriwa kwa filamu hizo kudai haki yake mahakamani. Meya wa mji aliikataa. Sheria ya namna hiyo ilipopitishwa Indianapolis, mahakama ziliibatilisha kwa sababu ya uhuru wa kujieleza. Mwaka 1986 alisimama tena mbele ya tume ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani, akasema kwamba kila anayeitazama filamu ile anamtazama yeye akibakwa. Miaka ya mwisho alilalamika kwamba hata baadhi ya waliompigania walimtumia. Alifariki Denver, Aprili 2002, baada ya ajali ya gari, akiwa na miaka 53. Filamu ingali inatazamwa.

Yuko atakayenijibu: Mwalimu, si kila mchezaji wa filamu hizi hulazimishwa. Ni kweli. Candida Royalle, aliyekuwa mchezaji pia, alianzisha kampuni yake mwenyewe mwaka 1984 ili atengeneze filamu kwa mtazamo wa wanawake. Sisemi kwamba wote ni watendwa. Nasema kwamba hatuna haki ya kuchagua kitenzi kabla ya kuuliza. Anayesema nimependa asikilizwe, na anayesema nimelazimishwa asikilizwe kwa masikio yaleyale. Picha haiwezi kujibu kwa niaba yao, kwa maana picha haionyeshi aliyesimama nyuma ya kamera, wala aliyeshika bunduki chumba cha pili. Usione vyaelea, vimeundwa.

Nawe usidhani kwamba haya ni ya Marekani tu, ya enzi za wazazi wetu. Video ya msichana fulani inapoingia kwenye simu yako na kundi zima likacheka, kitenzi kimekwisha kuchaguliwa: "amejirekodi", "amejianika", "amejitakia". Kiambishi "ji" kimembebesha peke yake mzigo wote. Aliyemrekodi hatajwi. Aliyeisambaza hatajwi. Wewe unayetaka kuituma mbele, nawe hutajwi, ilhali ni mtenda kamili.

Basi chukua daftari. Andika sentensi tano kuhusu habari yoyote ya aibu uliyoisikia mtaani, bila kutaja jina la mtu. Kisha chini ya kila kitenzi andika mtenda ni nani, na ni nani aliyekuambia. Ukikuta kwamba hakuna aliyemuuliza mhusika mwenyewe, futa sentensi hiyo. Na kama video ingali kwenye simu yako, ifute kwanza.