Hasira Haizikwi: Funzo la Filamu ya Hulk

Mnamo mwaka wa 2003, Ang Lee, mwongozaji mzaliwa wa Taiwan, alitoa filamu ya Hulk. Watazamaji walimiminika wikendi ya kwanza. Wikendi ya pili, mapato nchini Marekani yakaporomoka kwa takriban asilimia 70. Walitarajia jitu la kijani livunjevunje vifaru, wakapewa kisa kirefu cha mwana na babaye.

Hata hivyo, dosari kuu ya filamu hii si uzito huo. Bruce Banner, mwanasayansi mpole, amesahau kwamba utotoni alishuhudia babaye akimuua mamaye. Upole wake ni kifuniko cha chungu kinachotokota. Anapogeuka jitu, silaha za wanajeshi humtibua na kumkuza zaidi. Kinachomrejeshea utu mjini San Francisco ni Betty, anayemkaribia mikono mitupu. Hapo filamu imegusa ukweli. Kisha inausaliti: mgogoro unamalizwa kwa mapigano, na Banner anaishia msituni, akiwaonya askari wasimkasirishe.

Wahenga walisema hasira hasara. Wengi huifasiri methali hii kuwa amri ya kumeza ghadhabu. Fasiri hiyo ina upungufu, kwani wahenga hao hao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana aliyefunzwa kunyamaza tu hajafunzwa kuitawala hasira, amefunzwa kuiahirisha. Yafaa basi malezi na fasihi vimfunze kuitaja, kueleza chanzo chake na kumtafuta msikilizaji, kabla chungu hakijafurika.