Wimbo wa mpwa, namba ya siri ya mjomba

Wiki hii sina umbea wa mtu. Najisema mwenyewe, kwa hiyo cheka taratibu.

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Rubafu, Bukoba Vijijini. Si unatujua Wahaya wa Dar, Desemba tukifika kijijini hata mwendo tunabadili. Nikamkuta mpwa wangu, binti wa dada, anamenya ndizi huku anaimba. Kihaya kitupu, maneno katunga mwenyewe, eti jamaa alikwenda mjini akarudi na viatu tu. Mawe! Nilijua nasemwa, lakini sauti ile ilinisimamisha.

Nikamrekodi kwa simu palepale kibanjani, kuku wanakatiza. Tukapanda kilimani kutafuta mtandao, nikafungua chaneli YouTube, nikarusha. Siku ya kwanza watazamaji 43, nusu yao ukoo wetu. Nikasema yamekwisha. Wapi bwana! Wiki mbili baadaye Wahaya wa Mwanza, Dar hadi Kampala wanadai mwingine. Hakuna studio, hakuna promota, hakuna kumbembeleza mtu wa redio. Leo video ni sita na watazamaji ni maelfu.

Nami nikaanza kujiita meneja. Hata miwani nyeusi nimenunua.

Juzi binti kapiga simu. "Shikamoo mjomba. Hivi ile chaneli ina jina la nani?"

Jasho likanitoka. Jina langu, barua pepe yangu, namba ya siri ninayo mimi.

"Na hela zikianza kuja mjomba, zitakuja kwa nani?"

Nikasingizia mtandao mbovu, nikakata.

Usiku ule sikulala, nikamkumbuka Saida Karoli. Naye ni binti wa Bukoba. Mwaka 2001, kwa ngoma na Kihaya chake, aliichezesha nchi nzima Maria Salome. Zama zile za kaseti, wimbo sharti upite mikono ya watu kibao kabla haujamfikia msikilizaji. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya wakauita Salome, video ikatikisa YouTube, na Saida akawa gumzo tena. Mwaka uliofuata akatoka na Orugambo. Umeona? Wimbo unaweza kulala miaka 15 ukaamka. Siku ukiamka, mwenyewe awe anajulikana.

Simu imewaondoa wale watu wa katikati. Halafu mimi nikajipenyeza hapohapo, kwa kisingizio cha undugu!

Nawe unayemrekodi mdogo wako, sikiliza. YouTube haigawi hela za matangazo mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ndiyo maana mwanzoni ndugu hawagombani, hakuna cha kugombea. Mambo hayo yamalizeni mapema, kabla mshiko haujaonekana.

Jana nimemkabidhi kila kitu, namba ya siri abadili mwenyewe. Nimemwambia pia nyimbo zake azisajili COSOTA kwa jina lake. Kajibu neno moja tu: "Asante."

Leo asubuhi kaweka wimbo wa saba. Unamhusu meneja mwenye miwani nyeusi. Nimeutazama mara tatu, na kusema kweli ni mkali kuliko yote!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.