Stelingi Aliyechoka Kupanga

Katika mabanda ya video tuliyokulia, sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kwenye nguzo, atatupwa mtoni ndani ya gunia, lakini kabla mkanda haujaisha atatokea tu, na banda zima litasimama kumpokea. Sheria ya pili haikuwahi kutamkwa, maana hakuna aliyeitilia shaka: sinema yoyote yenye nyimbo, mvua na machozi ni ya Kihindi. Neno hilo kwetu hubeba lugha, nchi, mavazi na pilau kwa pamoja. Ndiyo maana RRR ilipotufikia mwaka 2022, na mwaka uliofuata wimbo wake "Naatu Naatu" ukatwaa Oscar, tulisema Wahindi wameshinda, tukarudi kwenye shughuli zetu.

RRR ni sinema ya Kitelugu. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wenye lugha hiyo kuwa zaidi ya milioni 80, na Kitelugu si lahaja ya Kihindi wala binamu yake. Kihindi kiko kwenye ukoo mmoja na Kiajemi, na kwa mbali hata na Kiingereza. Kitelugu ni cha ukoo wa Kidravidi, pamoja na Kitamil na Kikannada. Mtelugu akikisikia Kihindi bila kukisomea, anabaki kama mimi ninavyobaki mbele ya Kiamhari.

Toleo hili ni la sinema ya Kitelugu. Tulipolipanga, chumba cha uhariri kiligawanyika juu ya nani atufungulie mlango. Wengi walimtaka N. T. Rama Rao, na walikuwa na hoja: huyu aliigiza mungu Krishna mpaka watu wakaweka picha yake majumbani, Machi 1982 akaunda chama cha Telugu Desam, na Januari 1983 akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Andhra Pradesh. Habari ya namna hiyo haihitaji mhariri. Mimi nilimtaka mwenzake na mshindani wake, Akkineni Nageswara Rao, ambaye hakugombea hata kiti cha ubunge. Kalamu ya mwisho ni yangu, kwa hiyo nimeshinda, lakini wenzangu wanadai maelezo, na msomaji naye ana haki ya kuyapata.

Alizaliwa Septemba 20, miaka ya mwanzo ya 1920, katika kijiji cha Ramapuram, wilaya ya Krishna, kwenye delta ambako macho hayaoni ila mpunga. Alikuwa kitinda mimba wa familia ya wakulima wasiojiweza. Shule aliishia ya msingi. Mama yake, Punnamma, ndiye aliyemsukuma kwenye jukwaa wakati ambapo heshima ya familia haikuruhusu mwanamke kuigiza, hivyo nafasi za wanawake zilichezwa na wavulana wembamba wenye haya usoni. Mwanawe alikuwa na sifa zote hizo. Akavalishwa sari, akawa malkia, akawa mke anayesubiri, akalia machozi ya wanawake mbele ya wanaume waliokuja na mikeka yao kutoka mashambani.

Simulizi ya kugunduliwa kwake inajulikana kwa kila mpenzi wa sinema wa kule. Ghantasala Balaramayya, mtayarishaji na mwongozaji, alimwona kwenye stesheni ya reli ya Vijayawada. Kijana alikuwa ameshaonekana kidogo kwenye Dharmapatni ya mwaka 1941, bila mtu kumkumbuka. Safari hii alipewa nafasi ya mungu Rama mwenyewe, katika Sri Seetha Rama Jananam ya mwaka 1944. Kutoka sari hadi upinde wa Rama ni hatua kubwa, lakini naamini sari haikumtoka kamwe. Rama Rao alikuwa na kifua na sauti ya kuamrisha. Nageswara Rao alijua kusubiri, kunyamaza, kuumia bila kupiga kelele. Miaka ile mashujaa wa kuumia hivyo hawakuwa wengi, na ustadi huo aliujengea jukwaani, ndani ya nguo za kike.

Mwaka 1953 ustadi huo ulipata sinema iliyoustahili. Devadasu, iliyoongozwa na Vedantam Raghavayya, ilitokana na riwaya ya Mbengali Sarat Chandra Chattopadhyay: mtoto wa tajiri anampenda jirani yake Parvati, hana ujasiri wa kumkabili baba yake, binti anaozwa kwa mzee mwenye watoto wakubwa, naye kijana anajimaliza kwa pombe mpaka anakatia roho mbele ya lango la nyumba ya Parvati. Wasomaji wetu wengi wanaijua hadithi hii kwa sura ya Shah Rukh Khan, ya mwaka 2002. Wazee wanamkumbuka Dilip Kumar, wa mwaka 1955. Nageswara Rao alimtangulia Dilip Kumar kwa miaka miwili, akiwa na Savitri kama Parvati. Inasimuliwa kwamba sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa usiku ili kope zimlegee kwa usingizi wa kweli. Itazame hata bila kuelewa neno moja. Hapepesuki kama walevi wa vichekesho vyetu. Anakaa tu, shingo imemlegea kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Na stelingi anakufa. Watazamaji wa Andhra walirudi kumtazama akifa tena na tena.

Ila mwaka 1953 una jambo jingine, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Sinema ya Kitelugu haikuzaliwa kwao. Ile inayotajwa kuwa ya kwanza kusema Kitelugu, Bhakta Prahlada ya H. M. Reddy, ilitengenezwa Bombay. Baadaye kazi ikahamia Madras, ambako kulikuwa na studio kubwa, mafundi wa kamera, wanamuziki, maabara za kusafishia filamu. Watelugu wenyewe walikuwa na mali yao pale: studio za Vijaya-Vauhini zilikuwa chini ya B. Nagi Reddi, Mtelugu. Lakini mji ulikuwa umejaa Watamil, na Watelugu walipodai jimbo lao wenyewe, waliudai na mji huo. Potti Sreeramulu alifunga kula mjini humo kwa ajili ya jimbo la Andhra, akafa Desemba 15, 1952. Ghasia zikalipuka, serikali ya Nehru ikakubali, na Oktoba 1, 1953 jimbo la Andhra likazaliwa, bila Madras.

Hebu fikiria hali hiyo. Watu wana jimbo, wana bendera za vyama, wana stelingi anayewaliza, na sinema zao zote zinapikwa kwenye jiko la jirani. Mwaka 1956 Andhra iliunganishwa na maeneo ya Kitelugu ya Hyderabad kuwa Andhra Pradesh, mji mkuu ukawa Hyderabad, lakini waigizaji, watunzi na wapiga ala walibaki Madras. Hata Mayabazar ya mwaka 1957, ambayo wengi wanaiona ndiyo kilele cha sinema ya Kitelugu, yenye Rama Rao kama Krishna na Nageswara Rao kama Abhimanyu, ilitoka Vijaya, ikapigwa pamoja na toleo lake la Kitamil. Mpangaji anaweza kuwa na kitanda kizuri kuliko cha mwenye nyumba. Hapigi msumari ukutani bila kuuliza.

Nageswara Rao alihamia Hyderabad katika miaka ya 1960. Kulikuwa na Sarathi Studios huko, na si mengi zaidi. Kwa msanii wa daraja lake, kuondoka Madras kulikuwa sawa na mchuuzi wa samaki kuhama feri kwenda kuuza milimani. Akashikilia msimamo: anayemtaka, ampigie picha Hyderabad. Watayarishaji walinung'unika kwa sababu za msingi kabisa, maana kila taa, kila fundi na kila mcheza dansi alipaswa kusafirishwa. Wengine walifuata kwa sababu jina lake kwenye bango lilikuwa linarudisha pesa. Kwa maneno mengine, alitumia mvuto wake kama kamba ya kuburuza kiwanda kizima kilomita mia kadhaa kwenda kaskazini. Serikali za jimbo zilisaidia, wengine wakaja nyuma yake, wala sidai kwamba aliburuza peke yake. Nasema alianza kuvuta akiwa na mengi ya kupoteza.

Mwaka 1974 alifanyiwa upasuaji wa moyo Marekani. Mtu wa umri wake, mwenye mali na kifua kilichopasuliwa, angeweza kurudi kukaa barazani. Yeye alirudi kujenga. Mwaka 1976 zilifunguliwa Annapurna Studios, kwenye ekari 22 za Banjara Hills, zikiwa na jina la mke wake. Leo Banjara Hills ni mtaa wa matajiri na bei ya kiwanja chake inatisha. Wakati ule ulikuwa mlima wa mawe na vichaka.

Kama mtayarishaji alikuwa na sura mbili, na moja imesahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akishirikiana na mwongozaji Adurthi Subba Rao, alitoa pesa kutengeneza Sudigundalu, kuhusu vijana wanaoingia kwenye uhalifu, kisha Maro Prapancham ya mwaka 1970. Hazikuwa sinema za kujaza ukumbi. Hakuna aliyewaomba wazitengeneze, na haijulikani sana nje ya Andhra kwamba stelingi wa mapenzi aliwahi kulipia kazi za namna hiyo kutoka mfukoni mwake. Sura ya pili ndiyo iliyolipa bili: Premabhishekam ya mwaka 1981, chini ya jina la studio yake, ikiongozwa na Dasari Narayana Rao. Kijana anagundua ana saratani, anamfukuza mpenzi wake makusudi ili asije akawa mjane. Machozi yale yalijaza majumba ya sinema kwa zaidi ya mwaka katika baadhi ya miji.

Nikisema "kijana", msomaji anielewe. Nageswara Rao alikuwa anakaribia miaka 60. Sridevi, aliyecheza mpenzi wake, hakuwa amefikisha 20. Sinema ya India ina ugonjwa huu mpaka leo, nasi hatujapona, na sioni sababu ya kumwombea radhi. Alijua kuuza kitu kile kile kwa watu wale wale, akaendelea kukiuza. Bahati nzuri alikuwa pia na busara ya kucheza umri wake pale alipopata mwongozaji wa kumdai, kama babu katika Seetharamayya Gari Manavaralu ya mwaka 1991, ambamo ndani ya mzee yule namwona tena kijana wa Devadasu akikaa kimya vile vile.

Kuna lawama nzito zaidi, na makala mbili ndani ya toleo hili zinaieleza kuliko nitakavyoweza hapa. Mpangaji akijenga, naye anakuwa mwenye nyumba. Sinema ya Kitelugu ya Hyderabad imeshikwa na familia chache, nyingi za tabaka la Kamma, wakulima wenye ardhi wa pwani ya Andhra. Nageswara Rao na Rama Rao wote ni wa tabaka hilo. Mwanawe Nagarjuna akawa stelingi, wajukuu Naga Chaitanya na Akhil wakafuata. Kijana wa leo mwenye kipaji na wembamba ule ule, aliyesimama stesheni ya Vijayawada, angesubiri treni ngapi kabla ya mtu kumtupia jicho? Wenzangu waliompinga walinirushia swali hili mezani, nami sikuwa na jibu. Niliwajibu tu kwamba tunaweza kuwauliza wenye nyumba maswali hayo, kwa Kitelugu, kwa sababu nyumba ipo. Chuo cha Gudivada kinachobeba jina lake tangu miaka ya 1950 kinanipa nusu ya faraja: mtu wa shule ya msingi alianza kutoa kabla hajawa tajiri wa kutisha.

Tuzo zilimfuata. Padma Shri mwaka 1968, Dadasaheb Phalke ya mwaka 1990, Padma Vibhushan mwaka 2011. Sinema zake zilipita 250.

Oktoba 2013 aliwaita waandishi wa habari akawaambia mwenyewe kwamba ana saratani. Hakumfukuza mtu ili kumficha, kama alivyofanya Premabhishekam. Alikuwa kwenye kazi moja iliyobaki, Manam, ya mwongozaji Vikram Kumar, pamoja na mwanawe na mjukuu wake. Ni hadithi ya watu wanaozaliwa upya, na kwa mizunguko yake mzee wa miaka 90 anamtambua katika sura ya Nagarjuna baba yake aliyefariki utotoni mwake. Mtu anamwita mwanawe wa kumzaa baba. Sauti yake kwa ajili ya sinema hiyo aliimalizia akiwa mgonjwa. Alifariki Januari 22, 2014.

Manam ilitoka Mei 23 mwaka huo. Siku kumi baadaye, Juni 2, Andhra Pradesh iligawanywa. Hyderabad ikaangukia jimbo jipya la Telangana, na kwa miaka 10 ikawa makao makuu ya pamoja ya majimbo yote mawili. Ramapuram, na mpunga wake, ilibaki Andhra. Studio aliyoijenga ili asipange tena kwenye mji wa watu wengine iko ng'ambo ya mpaka, na mafundi wake wengi, waliotoka delta kama yeye, wanaingia kazini kila asubuhi katika jimbo ambalo si la kwao.