Usiitupe Mita ya Zamani, Vuta Waya Kwanza

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, wengi mtatarajia nishabikie kila kitu cha dijitali. Leo sishabikii. Nina neno kuhusu zile boti za kale za mbao, kama Chris-Craft za miaka ya 1950, ambazo Wamarekani bado wanazitunza kule kwenye maziwa ya Michigan na New York. Mshale wa mita ya mizunguko ya injini ukianza kurukaruka, mwenye boti huambiwa upesi: ng'oa hiyo, funga ya kielektroniki. Ushauri huo siupendi, kwa sababu mara nyingi mita yenyewe haina ugonjwa.

Hebu tuifuate ishara inakotoka, kama tunavyotafuta hitilafu kwenye programu. Injini inazungusha gia ndogo. Gia inazungusha waya uliosokotwa, unaopita ndani ya ala ya chuma hadi nyuma ya dashibodi. Katika mita nyingi za aina hii waya huenda nusu ya kasi ya injini: injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, waya unazunguka mara 1,500. Kule ndani waya unazungusha sumaku iliyo karibu kabisa na kikombe cha alumini, bila kukigusa. Alumini haivutwi na sumaku, lakini sumaku ikizunguka huzalisha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, nayo hukisukuma kikombe kifuate. Springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Nguvu hizo mbili zikilingana, mshale unatulia. Mjerumani Otto Schulze aliombea hataza wazo hilo mwaka wa 1902, na halihitaji hata betri. Ukimwona fundi wa pikipiki akivuta waya wa mita pale kwenye gurudumu la mbele, ni ndugu yake huyu.

Sasa grisi ikikauka, waya hukwama kidogo ndani ya ala, unajikaza kama springi, kisha unajiachia kwa mpigo. Sumaku inashtuka, mshale unaruka, hasa injini ikienda polepole. Kwa hiyo mita inasema ukweli mtupu: inaripoti mwendo wa waya. Kuibadilisha hapo ni kama kununua skrini mpya kwa sababu programu ina kasoro.

Dawa yenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Fungua nati nyuma ya mita, vuta waya wa ndani utoke. Ukigoma, jaribu upande wa injini, kwani nyingine hutoka upande mmoja tu. Upanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka ule uchafu mweusi uishe. Kisha ushike ncha zote mbili, waya uning'inie kama herufi U, uuzungushe taratibu kwa vidole. Mzima huzunguka laini. Uliopinda hurukia upande, na huo hauponi kwa grisi. Tafuta mpya. Uzi mmoja ukikatika, tupa vilevile. Ala nayo imwagiwe mafuta ya taa, ining'inizwe ichuruzike, halafu ipulizwe kwa hewa.

Tafadhali, usitumie petroli. Najua inasafisha haraka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujikusanya chini kabisa ya boti, pale injini na nyaya za umeme zilipo, ukisubiri cheche moja. Boti imedumu miaka 70, halafu iungue kwa sababu ya kitambaa!

Kwenye grisi ndipo wengi wanapoharibu. Paka safu nyembamba tu, na sentimita 15 hivi za juu, upande wa mita, ziache kavu kabisa. Waya ukizunguka huipandisha grisi wenyewe. Ukiijaza, itaingia ndani ya mita, itanata kati ya sumaku na kikombe, na mshale utaanza kusoma juu kuliko hali halisi. Hapo sasa umeiua mita iliyokuwa nzima. Wala usidanganywe na yale mafuta mepesi ya kupuliza kutoka mkebeni, hayakai.

Rudisha waya ukiuzungusha kidogo kidogo mpaka ncha ya mraba iingie mahali pake, na usiikunje ala kwa kona kali. Boti ya injini mbili ina jambo lake: mara nyingi injini moja huzunguka kinyume na mwenzake, na nyaya za namna hii hustahimili vizuri zaidi upande ule unaokaza msokoto wa nje. Ukinunua mpya, sema ni ya injini ipi.

Ya kielektroniki ina nafasi yake. Husoma mapigo ya umeme kutoka koili ya injini, haina cha kukauka, na gia ya chini ikiisha meno na mpya haipatikani, sitabishana na mtu. Wengine huacha uso wa zamani na kuweka mtambo mpya ndani yake, jambo ninaloliona la busara. Ninachopinga ni kuanza na hapo, kabla hata nati moja haijafunguliwa.