Wikipedia na sisi Wapemba: "Umeyapata wapi?"

Haya wasomaji wangu, leo tupumzike na siasa kidogo. (Zitatukuta huko chini, hii ni Pemba bwana, lakini tuanze kwa amani.) Nataka tuzungumze juu ya Wikipedia, ile kamusi elezo ya kwenye intaneti ambayo kila mwanafunzi wa chuo kikuu anaisoma na kila mhadhiri anamkataza kuitaja.

Kila ninapowaambia vijana wenzangu hapa Chake Chake kwamba Wikipedia inaandikwa na watu kama sisi, kwa Kiswahili, nakutana na maswali yale yale. Nimeyasikia mpaka nayajua kwa zamu. Basi leo nayajibu yote kwa pamoja, halafu nitasema langu, kwa sababu swali moja miongoni mwa hayo linatuhusu sisi wa kisiwa hiki kuliko watu wengine.

Swali la kwanza: Nani kakupa ruhusa ya kuandika humo?

Hakuna, na wala haihitajiki. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Mtanzania mwenzetu Ndesanjo Macha, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, alikuwa miongoni mwa waliohimiza watu waiandike enzi hizo ikiwa na makala za kuhesabika. Leo ina makala zaidi ya 80,000. Ya Kiingereza imeshapita milioni 6, kwa hiyo tusianze kupiga vigelegele.

Unafungua ukurasa, unabonyeza "Hariri", unaandika, unahifadhi. Basi. Ukijiandikisha jina la mtumiaji ni bora zaidi, maana utafahamiana na wenzako na kazi yako itajulikana. Si lazima liwe jina lako la kuzaliwa.

Swali la pili: Sasa mtu akija akaandika upuuzi?

Anaandika, na mwingine anaufuta. Kila ukurasa una historia yake: nani kabadilisha nini, siku gani, saa ngapi. Hakuna kinachopotea, na ukurasa unaweza kurudishwa ulivyokuwa jana au mwaka juzi. Wapo pia wanaoitwa wakabidhi, ambao wana uwezo wa kufuta kurasa na kuwazuia wakorofi. Hao nao ni wahariri wa kujitolea kama wewe, waliopewa dhamana na wenzao.

Swali la tatu: Wanalipa kiasi gani?

Hawalipi. (Hapa nusu ya baraza huinuka na kwenda zake.) Taasisi ya Wikimedia ya Marekani inagharimia mitambo kwa michango ya wasomaji, lakini waandishi tunafanya kwa mapenzi. Na zawadi hazijengi mapenzi. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya, waandike makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, na zawadi zilikuwamo kompyuta. Makala ziliongezeka kwa kasi. Mashindano yalipokwisha mwanzoni mwa 2010, wengi wa washindani hawakuendelea. Kompyuta zilishapata wenyewe, kazi imebaki ya nini tena?

Swali la nne: Mbona makala mpya zinafutwa?

Mara nyingi ni moja kati ya sababu tatu. Ya kwanza, imenakiliwa kutoka tovuti ya mtu mwingine neno kwa neno. Hilo ni kosa la hakimiliki, hata kama tovuti yenyewe ni ya serikali au ya skuli yako. Soma, elewa, andika kwa maneno yako. Na ujue kwamba utakachokiandika wewe nacho kila mtu ana ruhusa ya kukitumia, mradi ataje kilikotoka.

Ya pili, imeandikwa na mhusika mwenyewe: msanii anajisifu, mgombea anajipamba, mwenye hoteli anatangaza vyumba. Wikipedia si ubao wa matangazo. Kama unastahili makala, muache mtu asiyekujua akuandike.

Ya tatu, haina chanzo. Na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Swali la tano: Chanzo ni nini? Babu yangu si chanzo?

Sheria ya Wikipedia ni kwamba kila jambo linaloweza kubishaniwa lazima lioneshwe limetoka wapi: kitabu, gazeti, jarida la chuo, ripoti. Kitu kilichochapishwa, ambacho msomaji akitaka anaweza kwenda kukitazama mwenyewe. Huruhusiwi kusema "ninajua", wala "tuliambiwa na wazee". Hata mwanasayansi mkubwa haruhusiwi kuitumia Wikipedia kutangazia utafiti wake mpya. Autangaze kwanza kwingine, ndipo aje.

Ukiwa Dar es Salaam sheria hii haikuumizi sana, maana mji ule unaandikwa kila siku. Ukiwa Pemba inakubana koo.

Chukua mfano wa Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume. Nenda kijijini utasimuliwa juu ya yule mtawala aliyewatesa watu hata wakasogeza mawe ya ngome yake huku wamekaa kitako. Kila mzee ana kipande chake cha hadithi, na vipande havifanani. Lakini chanzo cha kuweka kwenye makala ni nani? Ni wanaakiolojia wa Kimarekani, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, waliochimba huku kwetu na kuandika kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo skuli zetu hazina.

Au chukua sifa yetu mbaya. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita visiwani humu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1931 akaandika kwamba Pemba ni makao ya uchawi, kwamba wanafunzi wanatoka mpaka kwenye Maziwa Makuu kuja kuhitimu, na eti hata kutoka Haiti. Ni mgeni mpita njia, kasimuliwa, kaandika. Lakini kachapisha! Kwa hiyo maneno yake ni chanzo, na karibu miaka 100 baadaye bado yanatajwa na watu wasioweza kuionesha Wete kwenye ramani. Bibi yako aliyechuma karafuu tangu mtoto, anayejua majina ya miti na siku za mwaka kwa vidole, si chanzo. Yeye hakuchapisha.

Inauma? Inauma. Wako walioona kwamba haifai. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza mradi ulioitwa Watu ni Maarifa, wakawarekodi watu wa vijijini India na Afrika Kusini wakieleza michezo na mapishi yao, kisha wakataka rekodi hizo zikubaliwe kuwa vyanzo. Hoja yao ilikuwa nzito: dunia ina maarifa mengi ambayo hayajaingia kwenye karatasi, na kuyakataa ni kuwakataa wenyewe. Hata hivyo sheria haikubadilika.

Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wengi. Mimi naona ni heri haikubadilika.

Kwa nini? Kwa sababu ya swali la sita, ambalo watu hunong'ona: Je, siasa zetu ninaweza kuziandika?

Tuseme unataka kuandika juu ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu walipoandamana kupinga uchaguzi wa 2000 na polisi wakafyatua risasi, hapa Pemba na Unguja. Kila nyumba ina hesabu yake ya waliokufa. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mwaka 2002 na kusema waliouawa si chini ya 35. Serikali ilikuwa na hesabu ndogo zaidi, na chama cha CUF nacho kikisema yake. Wikipedia haikwambii uchague ya kwako. Inakwambia: andika nani kasema nini, wapi, lini. Msomaji apime mwenyewe.

Sasa ondoa sheria ya chanzo. Mimi nitaandika ya kwetu, wewe utaandika ya kwenu, usiku mzima tutafutana, na mwisho atashinda mwenye vocha nyingi. Kijana wa leo aliyezaliwa baada ya Januari ile hatapata kitu cha kushika. "Umeyapata wapi?" ndilo swali pekee ambalo mtoto wa CCM na mtoto wa upinzani wanaweza kuulizwa sawasawa. Sisi waandishi wa habari tunaulizwa hivyo kila jioni kabla gazeti halijakwenda mtamboni, na hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo sheria haina kosa. Lililopungua ni karatasi zetu. Kisiwa chenye watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022 kimeandikwa zaidi na wageni kuliko wenyewe. Mwaka 1913 Mwingereza Craster alishatoa kitabu kizima juu ya Pemba. Sisi tumetoa vingapi? Tunavyo vichache, na ni vya thamani. BAKIZA walitoa Kamusi la Lahaja ya Kipemba mwaka 2012. Hilo ni chanzo halali kabisa, na linajibu swali la saba, la Kiswahili gani kitumike: andika Kiswahili sanifu ili wa Bukoba na wa Mombasa wakuelewe, lakini neno la Kipemba likiwa ndilo jina la kitu, liweke, ulieleze, utaje kamusi. Sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kwa hiyo ndugu zetu wa ng'ambo ya pili wasituringie sana.

Na jambo hili si la anasa. Vijana wengi siku hizi hawafungui hata Wikipedia, wanaiuliza simu, na simu inajibu kwa programu za akili mnemba. Programu hizo zimefundishwa kwa maandishi ya kwenye intaneti, Wikipedia ikiwamo. Palipo na maandishi machache, wanakwambia wanachokipata: ufukwe, kuzamia, karafuu, uchawi. Wakati mwingine wanakuchanganyia na Pemba nyingine kabisa, ule mji wa Msumbiji uliokuwa ukiitwa Porto Amélia. Mtoto wa Micheweni atakuja kujifunza kwao kutoka kwa mtu asiyejua Micheweni ni nini.

Tufanye nini basi? Haya ni mawazo yangu, mnaweza kuyapinga.

Kwanza, waandishi wenzangu, tusiandike mawaziri na warsha tu. Habari ya mzee anayetengeneza madau, ikichapwa gazetini na jina lake, kijiji na tarehe, kesho ni chanzo. Babu hawezi kutajwa kwenye Wikipedia, lakini gazeti lililomhoji babu linaweza. Hiyo ndiyo njia ya kumpitisha babu mlangoni!

Pili, chanzo si lazima kiwe kwenye intaneti. Wengi hawajui hili. Gazeti la karatasi linakubalika: taja jina, tarehe na ukurasa. Magazeti ya zamani yaliyofungiwa kabatini kwa mjomba wako ni mali, usiwape wauza vitumbua. Tasnifu yako ya chuo nayo, ukiigeuza makala kwenye jarida au ukaikabidhi maktaba, inaanza kuhesabika.

Tatu, anza kidogo. Usianze na "Historia ya Pemba". Popo wa Pemba haonekani popote pengine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kutoweka, na wanavijiji wa huku, kama wa Kidike, wameshiriki kumlinda mpaka wakarudi kwa maelfu. Ninga wa Pemba naye, yule njiwa wa kijani, ni wa hapa tu. Wote wawili wameandikwa na wataalamu, vyanzo vipo. Sentensi tano, vyanzo viwili, kazi imekwisha. Una picha ya mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliyoipiga mwenyewe? Ipakie.

Nne, ukifutiwa usinune. Kila ukurasa una ukurasa wa majadiliano. Uliza kwa adabu kwa nini, rekebisha, rudisha. Sisi Wapemba kwa kubisha tunajulikana, basi tubishe huko kwa vitabu mkononi.

Najua wapo watakaosema nawatetea wenye sheria zilizotungwa Marekani. Hapana. Zaidi ya miaka 100 watu wametuandika bila kuulizwa sana wameyapata wapi. Mimi nataka waanze kuulizwa, na nataka tukiulizwa sisi tuwe na jibu.

Toeni maoni yenu hapo chini. Na mwenye gazeti la zamani lolote linalotaja Pemba, tafadhali asilitupe kabla hatujaonana.